Ubavu wa Kushoto

Bi Mize tumemzika juzi, Kiembe Samaki, baada ya sala ya alasiri, nami nikarudi nyumbani na magoti yangu haya mabovu, nikakaa barazani nikashindwa hata kuvua viatu. Mke wangu akaniuliza, "Una nini wewe? Bi Mize alikuwa mtu mzima, kala chumvi yake." Nikamwambia sina kitu. Uwongo mtupu. Nna kitu, nnacho tangu nna umri wa miaka ishirini na mbili, na nimeona bora nikiandike kabla na mimi sijabebwa. Habari za kwetu, nani kamzaa nani na tulitokea wapi, siziweki hapa. Hazihusiki, na wajukuu wangu washazisikia mpaka wanapiga miayo. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, mwaka nilioingia kazi ya kutibu wanyama, nikafundishwa mji wa mimba wa ng'ombe ulivyo, nikadhani nnaujua.

Nilipanga chumba Mkunazini, ghorofa ya kwanza, kwa Bi Zuhura, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kupika. Chini ya nyumba ile palikuwa na stoo, kuta zake zimelowa chumvi mpaka chokaa inabanduka ukiigusa, na afisi yetu ikiitumia kuwekea dawa, kamba na ndoo. Humo ndimo nilimosomeshwa. Mwalimu wangu alikuwa Bwana Khalfan, msaidizi mkuu wa daktari wa wanyama, mtu mfupi, mnene, mwenye vidole vifupi vilivyojaa makovu. Alikuwa keshafanya kazi chini ya madaktari wa Kizungu watatu, na akipenda kusema, "Wote nimewafundisha mimi, ila mshahara wa ualimu ndio sijauona." Jumatatu na Alkhamisi asubuhi alikuja kutoka machinjioni na ndoo ya bati imefunikwa jani la mgomba, na hapo hapo Bi Zuhura, aliyekuwa na pua kuliko paka, alikuwa keshasimama kwenye ngazi. "Khalfan! Ushaniletea tena tupu za ng'ombe nyumbani kwangu?" "Si tupu, Bi Zuhura, elimu hii." "Elimu gani yenye nzi! Ptuu!" Lakini haipiti dakika kumi utamsikia anashuka na sinia, chai ya tangawizi na maandazi ya moto, anatuwekea juu ya kasha la dawa, kisha anajifunika pua kwa kanga na kusimama mlangoni kutazama. Alikuwa kazaa watoto sita, na nadhani hakuna mtu aliyepata kumueleza kitu. Siku moja akauliza, "Na hayo mapindo mawili ndiyo nini?" Bwana Khalfan akamjibu, "Hizo pembe za mji wa mimba." "Makubwa! Na mimi nnazo?" "Wewe mji wa mimba unao, ila wako hauna pembe." Bi Zuhura akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, akakusanya vikombe akaondoka.

Meza ilikuwa ya mbao, imepigwa bati juu, imeinamia upande mmoja kwa sababu sakafu nayo imeinama. Bwana Khalfan alikuwa akiitandaza ile nyama kuanzia nyuma kwenda mbele, yaani kuanzia pale mkono unapoingilia, kwa sababu, alivyosema, hiyo ndiyo njia utakayopita wewe, hutoingia kwa mdomo wa ng'ombe. Kwanza uke, laini na wenye mikunjo. Kisha shingo ya mji wa mimba, ngumu kama gegedu la sikio, ndani yake mna pete moja baada ya moja, na akinishika kidole na kukipitisha ili nizihesabu. Kisha mwili wa mji wenyewe, mfupi kuliko nilivyotaraji, na zile pembe mbili zilizojikunja. Mwisho wa kila pembe mna mrija mwembamba, na pembeni yake kifuko cha mayai cha kadiri ya kungumanga. Tukapasua pembe tukaona vile vifundo ambavyo kondo la nyuma hujibana navyo. Wiki nyengine akaleta wa mbuzi, sawasawa na wa ng'ombe ila mdogo. Akaleta mara moja wa punda aliyevunjika mguu Darajani, nao umenyooka, pembe zake hazikujikunja. Na Bi Zuhura alipochinja kuku wa hitima akatuita jikoni atuonyeshe mayai yasiyo na gamba yamepangana ndani kwa ukubwa, na Bwana Khalfan akasema kuku anatumia upande mmoja tu, wa kushoto, wa kulia umekufa tangu yumo ndani ya yai. Akaniuliza nimuonyeshe kushoto kwa kuku ni wapi. Kuku kalazwa chali, kichwa kimenielekea mimi. Nikaonyesha sio. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka.

Sasa nnafika pale ambapo naona haya mpaka leo. Mwaka ule nilishonesha suruali ya kaki, ya kwanza kuinunua kwa mshahara wangu mwenyewe, imepigwa pasi mkunjo wake unakata. Na ile meza, kama nilivyosema, imeinamia upande mmoja. Maji ya nyama yalikuwa yakitiririka upande aliosimama Bwana Khalfan, upande wa nyuma ya mnyama, yanadondoka miguuni kwake. Yeye alivaa kikoi kikuukuu, hajali. Mimi nikasimama ng'ambo, upande wa kichwa, pakavu. Akaniambia, "Masoud, njoo huku. Mnyama usimtazame kama unayezungumza naye. Simama nyuma yake." Nikamwambia, "Naona vizuri, Bwana." Akaniambia tena siku nyengine, na tena, kisha akachoka. Na kila nilichokiona nikakichora kwenye daftari langu, picha nzuri, zenye wino wa buluu na mwekundu, watu wa afisini wakizisifu, na chini ya kila picha nimeandika kulia na kushoto kama nilivyoviona mimi, kutoka kwenye ukavu wangu.

Siku aliyonifundisha kusokoteka alitumia kikoi kilicholowa. Akakiweka juu ya meza badala ya mji wa mimba, akakizungusha mara moja, mikunjo ikajipanga kuelekea upande. Akasema hivi ndivyo unavyokuta kwa ng'ombe anayeshindwa kuzaa na huoni chupa ya uzazi wala mguu: mji wa mimba umejipindua pamoja na ndama ndani yake, na mlango umejikaba wenyewe. Huwezi kuufungua kwa mkono. Unamlaza ng'ombe kwa ubavu ule ule uliosokotekea, unamfunga miguu, unampindua kwa haraka apite juu ya mgongo, mwili wake uufuate mji wa mimba, na mikunjo inafunguka. "Kama umesokotekea kulia, ubavu wa kulia. Kushoto, wa kushoto. Ukimlaza sio, unaongeza." Akakizungusha kikoi mara ya pili, kikawa kamba. Nikachora. Kulia nikaandika kushoto.

Miezi michache baadaye kukatokea maradhi ya ng'ombe Pemba, na daktari akaondoka na Bwana Khalfan kwenda kuchanja. Nikabaki mimi, na daftari langu, na ufunguo wa stoo. Siku ya tano, jua halijapanda, nimekaa na Bi Zuhura jikoni nakula mkate wa mofa na maharage, tukasikia hodi. Alikuwa mtu mzima wa shamba, baiskeli imeegemea ukuta, kanzu kaifunga kiunoni. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba. Wewe ndiye daktari?" Nikamwambia daktari yuko Pemba. Akanitazama juu mpaka chini, suruali ilivyopigwa pasi. "Basi ndiye wewe," akasema. Jina lake Mzee Pandu, ndiye aliyekuwa akiwachinjia watu kule Kiembe Samaki, na jirani yake Bi Mize alikuwa na ng'ombe aliyeanza uchungu tangu jana adhuhuri na hakijatoka kitu. Nikamuuliza kama chupa imepasuka. "Haijaonekana chupa, haujaonekana mguu. Anajinyoosha tu na kujikunja, maskini." Nilifurahi. Namuomba Mungu anisamehe, nilifurahi kwa kuwa nimeyajua maradhi. Nikachukua sabuni, kamba, mafuta ya nazi na daftari, na Bi Zuhura akanifungia maandazi mawili kwenye karatasi, "Usije ukaaibika kwa njaa."

Bi Mize wakati ule alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mume wake kafa miaka miwili nyuma na kumwachia mtoto mmoja wa kike, Kazija, na ng'ombe mmoja mwekundu aliyekoza, jina lake Zabibu. Kwa maziwa ya Zabibu ndipo walipokuwa wakila. Tangu ng'ombe akauke walikuwa wakila muhogo kwa chumvi, wanangojea azae. Haya sikuambiwa na mtu kwa makusudi, niliyaona jikoni, na niliyasikia kwa Kazija, mtoto wa miaka saba, aliyenifuata nyuma akinihadithia, "Akishazaa nitakunywa chai ya maziwa. Mama kasema." Zabibu alikuwa kafungwa chini ya mfenesi, kainamisha kichwa, jasho linamtoka mbavuni. Bi Mize amemshika pembe anazungumza naye. Aliponiona hakutazama suruali yangu. Alisema, "Karibu mwanangu. Mtazame mwenzio, kachoka."

Nikavua shati, nikapaka sabuni na mafuta mpaka begani, nikasimama nyuma yake na nikatia mkono. Wallahi nnaukumbuka mpaka leo ule ujoto. Uke, kisha mkono ukaanza kubanwa, na mikunjo ikaanza, imejipanga inageuka, na mkono wangu wenyewe ukageuka pamoja nayo, kiganja kikaelekea kulia. Kulia. Mtoto mdogo angejua. Nikasukuma, vidole viwili vikapita kwenye ule msongo, nikagusa kitu kigumu, ukwato. Nikaubana. Ukajivuta! Ndama yu hai. Nikapiga kelele, "Yu hai! Vidole viwili vinapita!" na Kazija akaruka, na Bi Mize akasema "Yarabi lakal hamdu," na akalia. Nikautoa mkono, nikaunawa, nikafungua daftari juu ya gogo la mnazi ili nihakikishe, kwa kuwa mimi ni mtu wa elimu. Nikatafuta picha yenye mikunjo kama niliyoigusa. Chini yake imeandikwa, kwa wino mwekundu, kushoto. Nilisimama pale. Mkono unaniambia hivi, karatasi inaniambia hivi. Nikasema moyoni, mkono huu haujapata kuingia kwa ng'ombe mwenye mimba hata siku moja, na yaliyomo daftarini nimefundishwa na Bwana Khalfan. Nikaiamini karatasi.

Tukamfunga, wanaume sita wa jirani na Mzee Pandu, tukamlaza ubavu wa kushoto, tukahesabu moja, mbili, tatu, tukampindua. Alilia mlio ambao sijapata kuusikia tena kwa ng'ombe. Nikatia mkono. Kidole kimoja kikapita, kwa tabu. Nikajiambia bado, Bwana Khalfan kasema mara nyengine hairudi mpaka mara ya pili. Tukamrudisha pole pole, tukampindua tena upande ule ule. Hakikupita kidole. Mlango umekuwa ngumi. Sasa nikapiga magoti kwenye kinyesi na maji, suruali yangu na yote, na nikalifungua daftari tena na macho yangu hayasomi. Mzee Pandu akaja akachutama karibu yangu, kisu kimefungwa kitambaa mkononi. Akasema taratibu, "Mwanangu, macho yake yanageuka. Nichinje?" Nilijua anachokisema. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi, hauzwi, anafukiwa. Akichinjwa bado ana roho, angalau nyama itamfaa mwenye mali. Na ukichinja, basi, umekata tamaa, ng'ombe hayupo. Nikamwambia, "Ngoja, Mzee." Akangoja. Nikatia mkono tena, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, nikamuomba Mungu, nikamuita Bwana Khalfan kwa jina na yeye yuko Pemba ng'ambo ya bahari. "Nichinje?" "Ngoja kidogo." Wale wanaume wanatazama chini, hakuna aliyetaka kukutana na macho yangu. Bi Mize kamuwekea Zabibu kichwa mapajani, anampangusa povu kwa ncha ya kanga. Mara ya tatu Mzee Pandu hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye. Bi Mize akanitazama. Nikautoa mkono. Akasema, "Chinja, Pandu. Nimuondoshee kichwa mapajani kwanza."

Walipompasua nilisimama nyuma yake. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilisimama mahali panapostahiki. Nikaona mji wa mimba umevimba, umekuwa zambarau, na shingoni pake umezunguka, si mara moja, zaidi ya mara mbili, unaelekea kulia. Mzee Pandu akaushika kwa mikono miwili akaurudisha, mzunguko mmoja, wa pili, na nusu nyengine, halafu akatulia, akaitazama ile mikono yake, akanitazama mimi. Akaupasua. Alikuwa ndama jike, mwekundu aliyekoza kama mama yake, keshakufa. Nilimshika ule ukwato. Bado una moto.

Nikaenda kunawa nyuma ya jiko, jiko la makuti, na ukuta wa makuti hauzuii kitu. Nikamsikia Mzee Pandu ndani. "Mize, nakwambia kwa kuwa wewe ni kama dada yangu. Yule kijana kambiringisha sio. Mwanzo vidole viwili vikipita, nimemsikia mwenyewe akisema. Kausokota yeye ukazidi. Laiti angemlaza kwa huku." Nikasikia kifuu kinakwangua chungu. Kisha Bi Mize akasema, "Umemwambia?" "Bado." "Basi usimwambie." "Mize, ng'ombe wako huyo!" "Ng'ombe wangu keshakufa. Ukimwambia, hatotia mkono kwa mnyama mwengine, na sisi huku tuna nani? Nyamaza, Pandu. Nakuomba kwa Mungu." Akatoka na sahani ya muhogo wa nazi na kipande cha ini alilolichoma haraka haraka, akanikuta nimesimama na maji yananichuruzika. Akaniwekea mbele yangu. "Kula, mwanangu. Umehangaika tangu asubuhi. Ahsante." Nami nikala. Nikala, na nikasema, "Haidhuru, Bi Mize, ndiyo kazi yetu." Kazija amekaa kizingitini, anatazama chungu cha maziwa kilichofudikizwa.

Bwana Khalfan aliporudi kutoka Pemba, habari keshazipata, aliniuliza kwenye stoo, huku anafungua kamba. "Ulisokotekea wapi?" "Kulia." "Ukamlaza ubavu gani?" Nikamwambia, "Wa kulia." Akashusha pumzi, akanipiga bega. "Basi ndiyo majaaliwa yake. Umefanya ulilofundishwa." Usiku ule ule nilichana lile daftari, na Jumatatu iliyofuata nikasimama upande wa maji, na Bi Zuhura mlangoni akasema, "He! Leo bwana harusi kakubali kulowa!" Nikafanya kazi ile miaka thelathini na ushei. Nimewapindua ng'ombe wengi kwa ubavu unaostahiki, wakazaa. Watu wa Kiembe Samaki wakinisifu, na Bi Mize, aliyehamia kwenye mbuzi kwa kuwa ng'ombe hakupata tena, alikuwa akiwaambia, "Huyu ndiye daktari wangu mimi." Alikuwa akilisema mbele yangu, bila kejeli, bila kukonyeza jicho. Na mimi kila mara nikisema moyoni leo nitamwambia, na kila mara pana mtu, au pana mvua, au mbuzi wake yuko hoi. Mzee Pandu akafa nalo. Ramadhani iliyopita, baada ya futari, nilikwenda kumtazama Bi Mize, kitandani, macho hayaoni vizuri, nikamkamata mkono, nikaanza, "Bi Mize, yule Zabibu..." Akanikata. "Zabibu alikuwa ng'ombe mzuri," akasema. "Kunywa chai yako, inapoa." Ilikuwa ya maziwa. Nikainywa nikaondoka.

Juzi, walipokwisha kumsalia, wakaliweka jeneza uwanjani, na mtoto wa kiume wa Kazija akasimama mbele yetu. Akasema kama inavyosemwa, kuwa bibi yake alikuwa binaadamu, aliishi na watu, na kama yupo mtu bibi alimkosea, kwa neno au kwa kitendo, basi amsamehe leo asiende na deni lake. Nilikuwa safu ya mbele, kwa umri wangu. Nikangoja. Sijui nilingoja nini; labda aseme na upande wa pili, kuwa yupo mtu aliyemkosea yeye, na yeye je, amemsamehe? Hilo haliulizwi. Wa kulijibu hayupo. Watu wakajibu kwa pamoja, "Tumemsamehe!" Akauliza mara ya pili, wakajibu, nami nimenyamaza. Mara ya tatu kijana aliyesimama ubavuni kwangu akanigusa kiwiko, nadhani alihisi nna kinyongo na maiti. "Mzee," akaninong'oneza, "msamehe na wewe, bibi wa watu." Watu washageuka kunitazama. Kazija yuko dirishani na wanawake wenzake, ananitazama na yeye. Nikafungua mdomo mbele ya jeneza la mtu niliyemuulia ng'ombe wake, nikasema kwa sauti, wakanisikia wote, nimemsamehe.